Nilivyokaa Selo Bila Kuiba Kuku

Marahaba.

Najua hamjaniamkia, lakini nimeona niitikie mapema, maana nyie wa kidato cha kwanza wa siku hizi mnampita mstaafu mkitafuna mihogo yenu kama mnaipita nguzo ya umeme. Mimi ni mstaafu. Ndiyo, niko kidato cha nne, ndevu zangu bado zinajadiliana kama zitoke au zisitoke, na mwalimu wa zamu bado ananichapisha mbio kila nikichelewa mchakamchaka. Lakini kazini nimestaafu. Kazi yenyewe ilikuwa bendi ya roki.

Mwalimu wa klabu ya muziki ndiye aliyeniita. "Hamisi," akasema, "andika kitu tubandike ukutani, hawa wadogo wajue kwamba klabu hii iliwahi kuwa na watu."

Iliwahi kuwa na watu! Nilijisikia kama gofu. Hapa Bagamoyo magofu tunayo ya kutosha, na wageni huja kuyapiga picha. Mimi hata hiyo picha sijapigwa. Kwa taarifa yenu, leo klabu ina wanachama wawili, mimi na panya anayelala ndani ya spika, na panya mwenyewe mahudhurio yake si mazuri.

Basi kaeni vizuri. Nitarukaruka, mstaafu haulizwi tarehe. Ila jambo nililolitaka lilikuwa moja, na mlijue tangu sasa: baada ya wenzangu kuondoka, nilitaka tukae tena wote wanne, tupige wimbo mmoja tu, tuufikishe mwisho. Hilo tu. Sikuomba pikipiki.

Bendi iliitwa Nyuzi na Umeme. Nyuzi kwa sababu ya fidla na selo, umeme kwa sababu ya gitaa. Tulichora kibao kizuri, tukakitundika nje ya nyumba tuliyokuwa tukifanyia mazoezi, nyuma ya soko la samaki. Mteja wa kwanza akaja na pasi iliyoungua. Wa pili akaja na suruali iliyoachia mshono nyuma. Deo, ambaye hajui kumwambia mtu mzima hapana, akapokea vyote viwili. Suruali tuliirudisha imeshonwa kwa waya wa gitaa, na mwenyewe alilalamika kwamba akiinama inatoa sauti. Funzo la kwanza la kazi hilo: bendi yenu msiipe jina la fundi.

Deo ndiye Deogratias, mtoto wa mwalimu. Alikulia kwenye kwaya ya kanisani, siku moja akachomeka gitaa kwenye amplifaya ya wanakwaya, akaipandisha mpaka ikakoroma, na hakurudi tena upande wa malaika. Fidla alipiga Mwanaidi, msichana aliyecheka kwa sauti ya chini na kukosoa kwa sauti ya juu. Dramu alipiga Shomvi, kwao wavuvi watupu, na alizipiga kama mtu anayeponda pweza. Hao watatu walikuwa mbele yangu darasa moja. Mimi nilikuwa mdogo wao, na nilipiga selo.

Selo, kwa ambaye hajaiona, ni fidla iliyokula ikashiba. Huishiki begani, unakaa nayo chini, unaikumbatia katikati ya magoti kama mtoto mkubwa asiyetaka kwenda shule, unaikwaruza kwa uta. Sauti yake haitoki juu juu. Inatoka tumboni.

Muziki wetu ulikuwa hivi. Chini kabisa, roki: gitaa linakoroma, dramu zinaponda. Katikati, wimbo mtamu wa kawaida, wa kuimbika hata na mtu anayeosha vyombo. Halafu nyuzi zinapita humo ndani polepole, kama bibi harusi anayejua kwamba anatazamwa. Deo alikuwa amesikia huko duniani kwamba kuna bendi za roki zinazokaa na okestra nzima nyuma yao, fidla zimejaa safu kwa safu. Sisi fidla tuliyokuwa nayo ni moja, na safu yenyewe ni Mwanaidi.

Ufundi wa Deo ukaingia hapo. Alimrekodi Mwanaidi kwenye simu, akamrekodi tena juu ya ile sauti ya kwanza, na tena, na tena, mpaka ikasikika kama ukumbi mzima wa akina Mwanaidi, wote wamevaa vizuri. Tulipomsikilizisha Bi Rukia, aligeuka akatazama mlangoni.

"Hawa wengine wamekaa wapi?" akauliza. "Mbona sijawapikia?"

Sasa huyu Bi Rukia, mwenye ile nyumba ya mazoezi. Zamani, kabla mama zetu hawajaolewa, alipiga selo kwenye klabu ya taarabu hapa mjini. Klabu ikafa. Watu wake nao wakatangulia mmoja baada ya mwingine, ikabaki selo, na yeye. Nilipoiona mara ya kwanza ilikuwa imesimama kando ya kabati la vyombo, imefungwa kanga kiunoni kama mgeni aliyekuja kusaidia kupika. Kanga yenyewe iliandikwa ANITAKAYE ATANIKUTA.

"Shikamoo Bi Rukia."

"Marahaba. Mikono hiyo mirefu umeitoa kwa nani?"

"Kwa mjomba."

"Anafanya kazi gani?"

"Hana kazi, Bi Rukia."

"Basi tusiiache ikafuata ukoo. Kaa hapo."

Nikakaa. Akanipa selo, akanikataza kuipiga. Kazi yangu ikawa kuikumbatia tu, huku yeye anapeta mchele na wapita njia wanachungulia dirishani. Siku zikapita.

"Bi Rukia, napiga lini?"

"Umeshaisikia ikipumua?"

"Selo haipumui."

"Basi bado."

Siku hiyo lori la mawe lilipita barabarani. Dirisha likatikisika, na nikasikia ubao wote wa ile selo ukitetemeka kifuani kwangu, taratibu, kama paka. Sikumwambia kitu. Yeye akanitupia jicho kutoka kwenye ungo wake, akasema, "Haya, shika uta."

Mengine aliyonifundisha hayapo kwenye simu zenu, yaandikeni. Vile vigingi vya kukazia nyuzi huvimba kwa unyevu wa bahari, halafu pepo zikikauka husinyaa. Kigingi kikiteleza, kipake chaki. Kikikwama, kipake sabuni. Usichanganye. Shomvi alichanganya mara moja, tukaomba koleo kwa fundi baiskeli. Uzi ukikatika na mjini hakuna mwingine, nenda sokoni kachukue mshipi wa kuvulia samaki wakubwa. Sauti itafanana na bata mwenye mafua, lakini shughuli itaisha. Na uta upakwe ulimbo, ile gundi ngumu ya njano. Bila ulimbo nywele za uta huteleza juu ya nyuzi, hakuna sauti. Uta usio na ulimbo ni fimbo tu, tena fimbo isiyofaa hata kufukuzia kuku.

La mwisho ndilo kubwa. "Gitaa lina vyuma shingoni," Bi Rukia alisema, "kila sauti ina chumba chake na mlango wake. Selo haina vyuma. Unajua kwa nini?"

"Fundi alisahau?"

Akanipiga na ufagio wa chelewa. "Ili uweze kuhama! Mwimbaji akianzia pasipo pake, usimsubiri arudi, wala usimtolee macho. Mfuate huko huko. Kosa la mmoja ni kosa. Kosa la wote ni mahadhi."

Nilicheka siku hiyo, nikaenda kuwasimulia wenzangu. Mwanaidi akasema hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya muziki inayomfaa Shomvi.

Sasa mniulize kama nimewahi kukaa selo. Nimekaa sana. Na hapa ndipo lugha yetu iliponiponza.

Mama yangu hakujua kinaitwaje hicho ninachojifunza. Alijua tu kwamba baada ya alasiri naenda "kwa Bi Rukia kwenye mambo ya fidla". Alikuwa na sababu zake za kutolipenda jambo lenyewe, na sababu moja ilikuwa kwamba maji hayajijazi kwenye ndoo. Siku moja akapiga simu yangu. Mimi nilikuwa nimeshika uta, Bi Rukia kanisimamia na ufagio, kwa hiyo simu akaipokea Shomvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipe Hamisi."

"Hamisi yuko selo, mama."

"Yuko wapi?"

"Selo. Hawezi kutoka saa hizi. Bi Rukia kamkazia kwelikweli, kasema leo hatoki mpaka aseme vizuri."

Shomvi aliapa baadaye kwamba alisema "mpaka iseme vizuri", yaani selo. Lakini mama alikuwa ameshakata simu. Akavaa baibui juu ya kanga ya jikoni, akafunga wali na samaki kwenye kitambaa, maana alishasikia kwamba huko mahabusu hawapiki, akampitia mjomba, na mjomba akampitia mjumbe wa mtaa. Wote watatu wakaingia kituo cha polisi.

"Nitoleeni mwanangu!"

"Mama, tuliza moyo. Mwanao nani?"

"Hamisi! Hata kuku hajawahi kuiba, yule hata kuku wetu wenyewe anawaogopa!"

Afande akatazama, akasema huku ndani hamna Hamisi. Mama ndipo alipozidisha kilio, kwa kuwa mtu asipokuwepo selo na watu wanasema yupo selo, basi ameshapelekwa pengine. Mjomba, yule mwenye mikono mirefu, ndiye aliyepata akili ya kuuliza: "Dada, huyo Bi Rukia ni afande tangu lini?"

Walipofika kwa Bi Rukia nilikuwa bado nakwaruza. Mama akasimama mlangoni na kile chakula. Akanitazama mimi, akaitazama ile selo, akamtazama Shomvi aliyekuwa akirudi kinyumenyume kuelekea uani.

"Hii ndiyo selo?"

"Ndiyo, mama."

"Hili kabati?"

Mjumbe alicheka mpaka akaomba maji. Mama hakucheka. Alikaa kwenye mkeka, akafungua ule wali, tukala wote, na aliponyanyuka akasema mbele ya watu: "Siku nyingine mtu akiniambia mwanangu yuko selo, namwacha huko huko." Tangu siku hiyo jina langu nyumbani likawa Mfungwa. Mfungwa, umekula? Mfungwa, umejaza maji? Nikifanya mazoezi chumbani, anafunga dirisha la jikoni kwa kishindo.

Basi nilijua kabisa kwamba mama yangu hausikilizi muziki wetu. Liwekeni hilo.

Shughuli yetu iliyokwenda ovyo kuliko zote ilikuwa Saadani. Ndugu yake Shomvi anatahiri wanawe, tukaalikwa. Kule mnajua kijiji kiko ndani ya hifadhi, ngiri wanapita uani kama mbuzi wa jirani. Tukapanga vyombo, Mwanaidi akaweka ulimbo wetu juu ya kiti, umefungwa kwenye karatasi. Nyani akaja, taratibu, kwa heshima zote, akauchukua. Nadhani alidhani ni kashata.

"Oya, mwizi!" Deo akamkimbiza. Nyani akapanda juu ya paa, akaung'ata, akatema, akauweka mfukoni mwake, kama nyani wana mifuko, maana hatukuuona tena.

Watu wamekaa. Tunabakiwa na fidla isiyotoa sauti na selo isiyotoa sauti. Shomvi akasema tupige dramu na gitaa. Mwanaidi akasema, "Yaani Nyuzi na Umeme, nyuzi zimeliwa na nyani? Thubutu!" Akaweka fidla chini. "Hamisi, donoa kwa vidole. Fidla nitaiimba."

Wimbo wenyewe ulikuwa ule tuliofungia kila shughuli. Hatukuwahi kuupa jina, tuliuita Ule wa Chini, kwa kuwa unaanza na selo peke yake. Selo inatembea, inazunguka, halafu inanyamaza. Panabaki pengo, kama pumzi moja ndefu. Humo ndani ya pengo ndimo fidla inamoingilia, kutoka juu, na gitaa na dramu wanaifuata. Wimbo mzima unategemea lile pengo. Ukilijaza mapema umeharibu, ukilichelewesha watu wanadhani umeme umekatika.

Nikadonoa. Nikanyamaza. Mwanaidi akafungua mdomo akaingia kwa "la la la", lakini alianzia juu mno, mbali kabisa na nilipokuwa. Nilimwona macho yakimtoka. Nikakumbuka ufagio wa chelewa. Nikasogeza kidole shingoni kwa selo, nikamfuata. Deo akasonya, akahesabu vyuma vyake, akahama naye. Wazee wa Saadani walidhani ndivyo ulivyo. Tukiwa tunarudi Mwanaidi hakunishukuru, alisema tu, "Umeniona nimepotea ukaja." Halafu akalala, kichwa chake kikigonga dirisha la gari.

Sijui kwa nini nakumbuka hilo kuliko makofi.

Watu wakisikia bendi imevunjika huuliza nani kagombana na nani. Ningependa tungegombana. Mtu mliyegombana naye una cha kumwambia. Sisi, wenzangu walimaliza tu kidato cha nne, mimi nikapanda darasa, basi. Mwanaidi alichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni huko bara kwenye baridi, simu hairuhusiwi. Deo baba yake alihamishwa kikazi. Yeye mwenyewe akaenda Msata kwa baba yake mdogo, wanaziba matairi ya malori pale njia panda. Gitaa alilichukua, na ile simu yenye ukumbi wa akina Mwanaidi. Shomvi akarudi Saadani, leo baharini, kesho kibarua cha hifadhi. Dramu aliziuza, na hapo sitaki kusema zaidi.

Tulibaki na kundi la wasapu. Mwanzoni lilikuwa vurugu tupu, picha za Deo kapakaa grisi, Shomvi na papa mdogo. Halafu likapoa. Siku moja nikalifungua nikaona ni mimi tu: ujumbe wangu, chini yake ujumbe wangu, chini yake tena wangu, kama nguo za mtu mmoja kwenye kamba. Vichekesho vyote vile. Mchekeshaji akikosa wa kumcheka, wadogo zangu, ni mtu anayeongea peke yake.

Nikaendelea kwenda kwa Bi Rukia. Nilipiga sehemu zangu, na sehemu za chini, ukizisikia peke yake, zinachosha. Ni kama kusoma barua ya mtu huku majibu yake huyaoni. Nikifika kwenye lile pengo nilinyamaza kwa mazoea, nikasubiri, nikaendelea. Bi Rukia alikuwa ananitazama. Siku moja akasema: "Mjukuu wangu anaolewa. Nawataka wote wanne. Waambie Bi Rukia kasema."

Nikaandika kundini. Na ajabu, wakajibu! Deo: *mzee baba nipo, hata nikija na tairi mkononi.* Shomvi: *dramu ntaazima.* Mwanaidi, siku ya ruhusa ya simu: *Naomba ruhusa. Hamisi usianze bila mimi.*

Sijawahi kufurahi hivyo. Nilikaza vigingi, nikanunua ulimbo mpya, nikaufunga kwenye karatasi mbili kwa ajili ya nyani. Nilimwambia mama kwa mbwembwe kwamba atatuona. Akasema, "Mimi nitakuwa na masufuria."

Asubuhi ya harusi simu ikaanza. Kwanza Mwanaidi, kwa simu ya matroni: "Ruhusa imegonga ukuta, Hamisi. Ni ya msiba tu, na sikutaka kumuua bibi yangu." Alijaribu kucheka kwa ile sauti yake ya chini, na haikutoka. Halafu Shomvi: mvua imeshuka, njia ya kutoka Saadani imekuwa tope, gari limezama mpaka milango. Deo ndiye aliyebaki. Mchana, watu wameshaanza kukaa, akatuma sauti. Nilisikia honi za malori kwanza, halafu yeye: "Mdogo wangu, lori la watu limepasuka matairi mawili, baba mdogo hayupo, siwezi kuwaacha njiani. Si ningekutumia ile ya kwenye simu, fidla zote zimo, uibonyeze tu?"

Nikamwuliza Bi Rukia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, amepaka hina, mdogo kuliko siku zote.

"Nani kafa?" akaniuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi sitaki sauti za watu wasiokuwepo kwenye harusi yangu. Nenda kapige."

"Peke yangu?"

"Kwani mimi hapa nakaa na nani?"

Nilishapanga viti vinne chini ya turubai, asubuhi, kabla ya simu. Sikuviondoa. Nikakaa kwenye cha kwangu.

Mshereheshaji akashika maiki. "Mabibi na mabwana, sasa ile bendi yetu kali, Nyuziii na Umemeee!" Watu wakageuka wakakuta mvulana mmoja na kabati.

Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Wengine wako wapi?"

Na mwingine, ambaye bila shaka habari zangu anazijua: "Wako selo!"

Turubai zima likacheka. Ningekuwa si mimi na mimi ningecheka. Kilikuwa kichekesho kizuri.

Nikaanza Ule wa Chini. Selo ikatembea, ikazunguka. "Hilo jenereta limewashwa au linajaribiwa?" kijana wa muziki wa singeli akauliza, kasimama pembeni na spika zake akisubiri zamu. Niliendelea. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: pengo linakuja. Ningeweza kulipita, hakuna mtu pale angejua. Lakini Mwanaidi alikuwa amesema nisianze bila yeye, na nimeshaanza bila yeye, angalau nisubiri pale anapoingilia.

Nikafika. Nikanyamaza.

Mnajua harusi inavyonyamaza? Hainyamazi. Vijiko vinalia, watoto wanalia, mtu anaita ndimu. Lakini mimi nilisikia kimya kitupu. Nikatazama vile viti vitatu.

Ndipo kutoka upande wa masufuria, nyuma ya wanawake wote, sauti ikaingia. "La la, laa, la." Mbaya. Imekwaruka kwa moshi. Iko chini mno kwa fidla, na hata kwa mwimbaji yeyote niliyewahi kumsikia. Lakini iliingia palepale. Haikuwahi, haikuchelewa.

Nikageuza shingo. Mama yangu alikuwa amesimama na upawa mkononi, macho kwenye sufuria, kama anayeimba ni mtu mwingine.

Ule upawa, yale macho kwenye sufuria, na lile dirisha la jikoni. Alikuwa analifunga kwa kishindo, halafu anasimama nyuma yake akisikiliza.

Wimbo wake haukuwa kwenye sauti yangu. Ulikuwa kwake huko, jikoni. Nikatelezesha kidole, nikaenda. Yeye akapotea zaidi, nikamfuata zaidi. Yule wa jenereta akanyamaza. Hakuna aliyejiunga. Bi Rukia peke yake alikuwa akigonga mkono wa kiti kwa kidole chenye hina, pale ambapo Shomvi angeponda. Tukaufikisha mwisho, mama na mimi, kila mtu upande wake wa turubai. Vikapigwa vigelegele vichache vya adabu, halafu singeli ikafunguliwa na watu wakakumbuka kwamba wana miguu. Watoto wakaja wakachukua vile viti vitatu, vilikuwa vinahitajika.

Njiani kurudi nyumbani nilibeba selo mgongoni, mama kabeba sufuria kichwani.

"Mama, ule wimbo umeujua lini?"

"Wimbo gani?"

"Mama!"

"Mtu unapigiwa kitu kilekile kila siku, ukifika mahali kinakatika. Utakaa na kitu kilichokatika?" Akatembea kidogo. "Yule mtoto wa kike harudi?"

"Hajasema."

"Mfungwa, umekula?"

Nilikuwa sijala.

Baada ya hapo nikatangaza kustaafu. Niliandika kundini kwa maneno makubwa, nikaweka na saini. Deo akaweka kidole gumba. Ndiyo hafla yangu ya kuagwa.

Lakini mstaafu gani wa pwani asiyerudi kukaa kwenye baraza la kazini kwake? Baada ya alasiri nipo kwa Bi Rukia. Siku hizi anasinzia ninapopiga, ufagio umemwanguka. Mama huja siku moja moja, akiwa hana nguo za kufua, na nikimwambia ajiunge rasmi anasema yeye hana muda wa mambo ya kihuni. Siku nyingi haji. Napiga chini, nafika kwenye pengo, nanyamaza, nasikia feni ya jirani, naendelea.

Mwalimu alitaka ushauri, basi huu. Kigingi kikiteleza chaki, kikikwama sabuni. Ulimbo usiuache juu ya kiti. Na kama kati yenu yupo mwenye mikono mirefu isiyo na kazi, au anayejua kuingia palipo na pengo, hata kwa sauti mbaya, nyumba iko nyuma ya soko la samaki, kibao bado kipo, msilete pasi. Mkiulizwa nyumbani mnakwenda wapi, msiseme selo, au mama zenu watafunga wali. Mlango hauna kufuli wala askari, na ndani mfungwa ni mimi tu.